Namna ya Kumsoma Paka kwa Rangi Yake

Asubuhi, karibu na soko la samaki la Bandari ya Kale, Mombasa, wauzaji wanapoparua changu na kutupa matumbo, paka hukusanyika wa kila namna: weusi ti, wa milia, wa rangi ya chungwa, wa mabaka, na pengine mweupe mmoja aliyejitenga pembeni. Mpita njia huona rangi zimetawanywa ovyo. Si hivyo. Kila rangi ina sababu yake, na sababu zenyewe ni chache, kiasi kwamba mtu yeyote mwenye subira anaweza kuzijua na akaanza kusema mambo ya kweli kuhusu mama, baba na hata watoto ambao hawajazaliwa.

Mimi ni mwalimu wa Bayolojia, kidato cha nne, na kwetu ni Kibokoni. Kila mwaka tukifika mada ya urithi, wanafunzi hukariri njegere za Mendel, mtawa aliyechunguza urithi kwa kuzipanda, mstari kwa mstari, ilhali njegere hizo hakuna aliyeziona. Paka wanawaona kila siku wakienda shule na wakienda chuoni kusoma Kurani. Kwa hiyo nawatoa nje. Haya ninayoandika ndiyo ninayowafundisha huko vichochoroni, na jambo kubwa kuliko yote ni mpangilio wa maswali. Uliza weupe kwanza, kisha chungwa, kisha milia, kisha kukolea kwa rangi. Baba anatafutwa mwisho. Ukiruka swali moja, yote yanayofuata yatakupotosha.

Kabla ya hapo, shika jambo moja. Manyoya na ngozi ya mnyama anayenyonyesha hupata rangi kutoka melanini, yaani rangi asilia ya mwili, za aina mbili tu. Moja ni nyeusi, nayo ikibadilika kidogo huwa hudhurungi. Wataalamu huiita yumelanini. Nyingine huanzia manjano hadi wekundu, feomelanini. Basi, hakuna ya tatu. Kijivu ni nyeusi iliyosambazwa vingine, krimu ni chungwa iliyofifia, na nyeupe ni pale ambapo rangi haikufika kabisa. Ni hivyo kwa paka, mbuzi, farasi na sisi wenyewe. Jeni (agizo la urithi ndani ya seli) iitwayo MC1R, ambayo huiamuru seli itengeneze nyeusi au ya manjano, ndiyo hiyo hiyo inayowapa watu wengi wa Uskoti na Ayalandi nywele nyekundu, na ndiyo inayomfanya farasi awe mwekundu mwili mzima.

Swali la kwanza: weupe uko wapi?

Tazama miguu, kifua, tumbo na ncha ya mkia. Seli za rangi hazizaliwi mahali zinapofanyia kazi. Mtoto akiwa bado tumboni, seli hizo huanzia kwenye ukanda wa mgongoni kisha husafiri kuelekea chini, pande zote mbili. Jeni iitwayo KIT ndiyo inayozisaidia kufika na kuishi. Ikiwa na hitilafu, zinachelewa au zinakufa njiani, na sehemu za mwisho kufikiwa hubaki nyeupe. Ndiyo maana utaona paka wengi wenye soksi nyeupe na mgongo mweusi, lakini ni nadra kumwona mwenye mgongo mweupe na tumbo jeusi. Karibu kila jeni mtoto huipata nakala mbili, moja kwa mama na moja kwa baba. Nakala moja ya jeni hiyo ya weupe kwa kawaida huleta soksi na kifua cheupe; nakala mbili huleta paka aliye mweupe zaidi ya nusu, rangi imebaki kichwani, mkiani na vipande vichache mgongoni. Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha chanzo chake: kipande cha kirusi cha kale kilichojipachika ndani ya KIT.

Paka mweupe mwili mzima ni habari nyingine. Huyo ni kama nyumba ya mawe iliyopakwa chokaa: chini yake kuna rangi zote alizorithi, ila hazionekani. Anaweza kuwa mweusi au wa chungwa kijeni, na watoto wake wakakushangaza. Lakini ukibahatika kumwona angali mdogo, mwangalie utosini, kati ya masikio. Mara nyingi huwa na doa hafifu, dogo kama alama ya kidole, jeusi au la kijivu. Hiyo ndiyo rangi iliyofunikwa. Litafutika kabla hajatimiza mwaka au muda mfupi baadaye, kwa hiyo liandike mapema.

Hapa naomba usiharakishe, maana kuna paka wanaokufa kwa sababu ya kutojua. Seli za rangi zinahitajika pia ndani ya sikio ili lifanye kazi. Paka mweupe mwili mzima mwenye macho ya buluu yote mawili ana uwezekano wa zaidi ya nusu kuwa kiziwi. Mpime hivi: simama nyuma yake asikokuona, tikisa funguo au piga kofi. Usikanyage sakafu kwa nguvu, kwani atahisi mtetemo kwenye nyayo na utadhani amesikia. Akiwa kiziwi, vichochoro vyetu vyenye bodaboda na tuktuk si mahali pake. Mtafutie ua au nyumba yenye mlango unaofungwa. Na usihukumu macho mapema. Paka wote huzaliwa na macho ya buluu, rangi halisi huanza kujitokeza wakifikisha wiki sita au saba, kwa hiyo ngoja hadi miezi mitatu.

Ngozi nayo. Chini ya manyoya meupe, ngozi ya masikio na pua haina melanini ya kuikinga, na Mombasa tuko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta. Paka mweupe anayelala juani kila siku hupata vidonda kwenye ncha za masikio. Kidonda kinachopona na kurudi, au kigaga kisichotoka, kinaweza kuwa saratani ya ngozi. Usipake mafuta ya nazi ukangoja. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, kwa kuwa ikiwahiwa ncha ya sikio hukatwa na paka akaishi.

Swali la pili: ana chungwa?

Hapa ndipo patamu. Jeni ya rangi ya chungwa imekaa kwenye kromosomu X, moja ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Paka ana kromosomu 38, yaani jozi 19, na kama ilivyo kwetu, jike ana X mbili na dume ana X moja na Y moja. X hiyo moja dume ameipata kwa mama yake. Kwa hiyo dume ama ni wa chungwa ama si wa chungwa. Jike ana nafasi tatu. X zake zote mbili zikiwa na chungwa, atakuwa wa chungwa. Zote zikikosa, atakuwa mweusi au wa milia ya kawaida. Moja ikiwa nayo na nyingine haina, huyo ndiye paka wa mabaka meusi na ya chungwa.

Kwa nini mabaka, na si rangi moja iliyochanganyika? Mwaka 1949 huko Kanada, Murray Barr aliona kitone cheusi ndani ya seli za neva za paka jike, kitone ambacho madume hawakuwa nacho. Mwaka 1961 Mary Lyon wa Uingereza akaeleza: kila seli ya jike, mapema kabisa katika ukuaji, huzima X moja kati ya mbili bila kuchagua (kitone kile ndicho X iliyozimwa), na seli zote zinazotokana nayo huendelea kuizima ile ile. Kwa hiyo baka la chungwa ni ukoo wa seli zilizoacha X yenye chungwa ikiwa hai, na baka jeusi ni ukoo wa zile zilizoizima. Hakuna jike wawili wanaofanana mabaka. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, kilimtoa paka wa kwanza duniani aliyenakiliwa, wakamwita CC. Paka ambaye CC alinakiliwa kutoka kwake, Rainbow, alikuwa na mabaka ya chungwa. CC hakuwa na chungwa hata unywele mmoja, kwa kuwa alitokana na seli ambayo X yake ya chungwa ilikwisha kuzimwa.

Jeni yenyewe ilikuwa haijulikani hadi juzi tu. Mwaka 2025 makundi mawili, moja likiongozwa na Hiroyuki Sasaki wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, na jingine la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, yalitoa jibu moja: kipande cha DNA (maandishi ya urithi ndani ya seli, ambayo herufi zake ni viungo vya kikemikali) cha herufi zipatazo 5,000 kimekatika ndani ya jeni iitwayo ARHGAP36. Kukatika huko kunaiwasha jeni hiyo kwenye seli za rangi, mahali ambapo ingepaswa kuwa kimya, na seli zikaacha kutengeneza nyeusi. Siku nilipowasomea wanafunzi habari hii darasani, nilifurahi kuliko wao. Tulikuwa tumeichora kwa herufi O ubaoni miaka yote bila kujua ni kitu gani.

Sasa tumia. Ukimwona paka mwenye nyeusi na chungwa kwa pamoja, sema ni jike. Muuza samaki mmoja aliniuliza, "Mwalimu, umemjuaje na hata hujamwinua mkia?" Nikamjibu kwamba rangi mbili zile zinahitaji X mbili. Wapo madume wa mabaka, takriban mmoja kati ya 3,000, ambao mara nyingi wamezaliwa na X mbili na Y moja, na karibu wote ni tasa. Wewe sema jike, utakuwa sahihi karibu kila mara. Lakini usigeuze kanuni ukasema kila wa chungwa ni dume. Majike wa chungwa wapo, ila ni wachache, kwa sababu wanahitaji kurithi chungwa pande zote mbili. Tuseme robo ya kromosomu X za mtaa zina chungwa: basi robo ya madume watakuwa wa chungwa, lakini majike ni robo ya robo, mmoja kati ya 16.

Ukiona mabaka makubwa yaliyotengana vizuri, tazama kama ana weupe. Mara nyingi atakuwa nao. Paka wa mabaka asiye na weupe huwa na rangi zilizochanganyika unywele kwa unywele.

Swali la tatu: milia

Okota unywele uliodondoka, wa mgongoni, kwa paka wa milia ya kawaida. Usiung'oe. Uweke juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, utazame kuanzia kwenye ncha. Ncha ni nyeusi, halafu pana ukanda wa manjano, halafu weusi tena, na shina la kijivu. Wakati unywele ule ulipokuwa unaota, seli iliamriwa nyeusi, ikaamriwa manjano, ikarudishwa kwenye nyeusi. Anayetoa amri ya manjano ni jeni iitwayo ASIP. Kisha okota unywele wa paka mweusi: ukanda haupo. Katika mweusi, jeni hiyo imepungukiwa na herufi mbili, jambo lililogunduliwa mwaka 2003, na amri haitolewi tena.

Kuwa mweusi kunahitaji nakala zote mbili ziwe na upungufu huo. Mwenye nakala moja nzima huonyesha milia na hubeba weusi kimyakimya. Kwa hiyo wazazi wawili wa milia, wote wakiwa wabebaji, kila mtoto wao ana uwezekano wa robo kuwa mweusi ti. Nalisisitiza hili kwa sababu hapa mwambao wengi tumelelewa tukiambiwa paka mweusi usiku si paka. Nimeona watoto weusi wakitolewa kwenye kikapu na kutupwa, ndugu zao wa milia wakiachwa, eti mama yao hakuzaa hawa. Aliwazaa. Walichopungukiwa ni herufi mbili kutoka kwa baba na mbili kutoka kwa mama.

Hesabu hiyo ya robo hailali kwa paka tu. Katika Afrika, aina ya ualbino iliyoenea zaidi hutoka kwenye jeni iitwayo OCA2, ambamo kipande cha herufi 2,700 hivi kimekatika. Mzazi mwenye nakala moja ni mweusi kama sisi wengine, hana dalili. Wakikutana wabebaji wawili, mtoto mmoja kati ya wanne anaweza kuzaliwa na ualbino. Mke akashutumiwa, baba akakana damu yake, wakati mtoto amebeba sehemu sawa ya kila mmoja wao. Nimefundisha wanafunzi wenye ualbino, na nataka darasa zima liielewe robo hii kabla ya kutoka mlangoni.

Turudi kwa milia. Paka wa chungwa wote huonekana na milia, hata wale ambao kijeni wangekuwa weusi watupu, kwa sababu upungufu wa ASIP haufichi milia kwenye rangi ya chungwa. Kwa hiyo usimsome paka wa chungwa kwa swali hili, hatakuambia kitu. Kwa paka wa mabaka, soma sehemu nyeusi peke yake. Umbo la milia, kama ni mistari myembamba ya kushuka ubavuni au mizunguko mikubwa, huamuliwa na jeni nyingine, Taqpep, na hitilafu ya jeni hiyo hiyo ndiyo inayompa duma wa Kusini mwa Afrika madoa makubwa yaliyoungana, yule waitwaye duma mfalme.

Paka mweusi wa mabati, anayelala juani mchana kutwa, huwa mwekundu-mwekundu ncha za manyoya. Usimwandike hudhurungi. Penua manyoya utazame shina: likiwa jeusi, huyo ni mweusi aliyeungua jua.

Swali la nne, kwa ufupi

Nyeusi imekoza au imekuwa kijivu? Chungwa imekoza au imekuwa krimu? Kufifia huko kunatokana na jeni iitwayo MLPH ikipungukiwa herufi moja katika nakala zote mbili, na punje za melanini zikarundikana badala ya kusambaa. Paka wa kijivu na krimu ni wa mabaka yule yule, amefifia. Ukimwona mwenye mwili mweupe-mweupe na masikio, uso na mkia wa giza, huyo ana kimeng'enya cha rangi kisichovumilia joto: kinafanya kazi sehemu za mwili zilizopoa tu. Huzaliwa mweupe kwa kuwa tumboni mwa mama kuna joto kila mahali.

Kumtafuta baba

Kanuni ya kwanza: kwa suala la chungwa, usiwaulize watoto wa kiume. Hawakupata X ya baba, kwa hiyo hawamjui. Waulize mabinti. Mama mweusi akizaa binti wa mabaka, baba ni wa chungwa. Mama wa mabaka akizaa binti wa chungwa kabisa, baba ni wa chungwa. Mama wa chungwa akizaa binti wa mabaka, baba si wa chungwa. Binti asiye na chungwa hata kidogo hawezi kuwa na baba wa chungwa. Ukiwa na weupe mtupu upande wowote, simama hapo, chokaa imefunika.

Kanuni ya pili: usidhani uzao mmoja una baba mmoja. Paka jike akiwa kwenye joto hupandwa na zaidi ya shume mmoja, na mayai yake hutoka baada ya kupandwa.

Mfano wa kichochoro chetu. Mama ni wa mabaka, soksi nyeupe, na sehemu zake nyeusi hazina milia. Amezaa wanne: dume wa chungwa, dume wa milia ya kawaida, jike wa chungwa, na jike wa kijivu asiye na milia. Mashume wanaozunguka hapo ni wawili, mmoja wa chungwa mwenye sikio lililochanika, mwingine wa kijivu mwenye milia. Wanafunzi walikimbilia kwa yule wa chungwa, maana watoto wawili wamefanana naye. Anza na mabinti. Jike wa chungwa lazima alipata X ya chungwa kwa baba, kwa hiyo baba yake si wa kijivu. Jike wa kijivu hana chungwa, kwa hiyo baba yake si yule wa chungwa. Baba wawili, tayari. Kijivu pia kimetuambia kuwa mama, japo amekoza, anabeba nakala moja ya kufifia, na kwamba shume wa kijivu anabeba weusi nyuma ya milia yake. Dume wa chungwa hasemi lolote kuhusu baba. Rangi yake ni ya mama. Dume wa milia alipata milia kwa baba, kwa kuwa mama hana ya kumpa, lakini shume wa kijivu anayo, na yule wa chungwa anaweza kuwa nayo bila kuionyesha. Huyo tumemwandikia mashume wote wawili.

Daftari lako liwe na safu za tarehe, mama, jinsia ya kila mtoto, weupe, chungwa, milia na kukolea, na safu moja ya macho uijaze baadaye. Usiwaguse watoto wiki mbili za kwanza, mama asije akawahamisha; watazame kwa mbali. Wakizaliwa na manyoya ya ajabu yenye rangi ya fedha, ngoja, huenda mama alikuwa na homa wakiwa tumboni na rangi halisi itakuja. Na ukichagua wa kuanza naye, mchague jike wa mabaka mwenye watoto, kwa sababu X zake zote mbili unazisoma kwa macho, hazijifichi, na nusu ya kazi inakuwa imeshafanyika kabla hujamtazama mtoto hata mmoja.